Mbao Zilizobaki

Emery alikuwa amechoka hata kabla ya kuanza kazi ya kwa Mama Paulina. Usiku alilinda jengo la ghorofa Hillbrow, Johannesburg, asubuhi akateremka kwake La Rochelle, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akaenda kubandika mbao kwenye kuta za watu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia neno, analipokea lilivyo. Nguvu za kuuliza mara mbili anazitoa wapi?

Ufundi aliutoa kwao Uvira, Kongo, kwenye karakana ya mjomba wake. Walikuwa wakitengeneza milango na vitanda, mpaka vita vilipokuja na kazi ikawa majeneza tu. Huko kwao jeneza watu huliita sanduku, basi. Emery alipima masanduku ya watu aliosoma nao, na siku alipofunga safari ya kusini alimwambia mkewe Arlène kwamba mikono yake haitatengeneza kitu kile tena. Miaka yote ya Johannesburg alikuwa ameshika neno lake.

Mama Paulina yeye ni wa Morogoro. Aliolewa na Mzwandile enzi zile vijana wa Afrika Kusini walipokuwa wakimbizi kule, na nchi yao ilipofunguka akarudi naye huku, kwenye nyumba ya matofali ya zamani. Majira ya baridi ya 2017 mapafu ya mzee yalimwangusha. Daktari alimvuta Paulina kando kwenye korido akamwambia hakuna la kufanya tena, ampeleke mgonjwa nyumbani akapumzike. Paulina akalimeza. Mzee alipouliza, alijibiwa kwamba daktari anasema tatizo ni ukuta wa sebuleni, unatoa unyevu na baridi, ukifunikwa atapona.

Ikabidi basi ukuta ufunikwe kweli. Mimi simlaumu. Wanaomlaumu hawajawahi kuulizwa na mgonjwa kila asubuhi, "Leo unanionaje?"

Ukuta wenyewe ulikuwa wa kukatisha tamaa. Rangi ilikuwa inabanduka, na saruji katikati ya matofali imelegea kiasi kwamba ukiigusa na bisibisi inamwagika unga. Emery aliukwangua, akauacha ukauke, akatafuta tofali zima kila alipotaka kutoboa, maana skrubu ikiingia kwenye saruji ile itatoka na fito yake. Alifunga fito kwa ulalo, juu yake akapanga mbao za msonobari zilizochongwa ncha za kuingiliana, na chini akaacha mwanya wa kupitisha hewa. Kila alipowasha mashine ya kutoboa, mzee alihamishiwa jikoni kwa sababu ya vumbi. Mashine ikinyamaza anarudishwa, anajilaza kwenye kitanda chake pale pale sebuleni na kuanza maneno, akimwita Emery kwa jina la mwanawe.

"Ile mbao ya tatu imepinda, baba Carmel."

"Haijapinda, muzee. Ni macho yako ndiyo imepinda."

"Hawu! Paulina, umesikia? Fundi ananitukana nyumbani kwangu!"

Emery alimpenda yule mzee. Kwenye jiji hili ambalo kijana wa dukani tu anakutazama kama mwizi, kutaniwa na mwenye nyumba ni jambo kubwa. Alishaanza kukawia makusudi, apige randa ubao ambao tayari ni laini, ili amalizie hadithi.

Siku ya mwisho mzee alikuwa amesinzia. Paulina alisimama mlangoni, akatazama mbao zilizosalia, akamnong'oneza fundi ili asimwamshe mgonjwa.

"Hizi zilizobaki nitengenezee sanduku la mzee. Liwe refu, na mfuniko wake ufunge vizuri."

Emery aliweka bisibisi chini. Alimtazama mzee, mifupa ya mashavu ilivyotokeza, akaelewa kwa nini mama ananong'ona. Tena haikumshangaza sana. Watu wa huku hulipia maziko yao kila mwezi wakiwa hai, wanajichagulia na rangi ya jeneza. Paulina amekaa nao miaka mingi, naye amekuwa kama wao. Angeweza kukataa. Lakini atengenezewe na nani, mtu asiyemjua? Akatikisa kichwa kukubali, akazibeba mbao mabegani.

Alilitengenezea uani kwake, mchana, saa ambazo angekuwa amelala. Arlène alitoka na beseni la nguo, akaona umbo, akaliweka beseni chini.

"Ya nani?"

"Ya muzee Mzwandile."

"Ulisemaka hautafanya tena."

"Nilisemaka."

 Mkewe alikaa akamshikia mbao, Emery akipiga misumari huku machozi yanamtoka na pua inamtiririka, hana hata mkono wa kujifutia. Alichoka uchovu ambao kulala hakuusaidii.

Alilipakia kwenye kigari cha kusukuma, akalifunika blanketi, akalipitisha mitaani mpaka kwa Paulina. Mama alifungua mlango akitabasamu, akalivuta blanketi.

"Nini hiki?"

"Sanduku, mama. Ya muzee."

"Mungu wangu! Baba Carmel! Nilisema sanduku! La mablanketi yake!"

"Kwetu sanduku ni ya mufu," Emery alisema. "Pardon, mama. Pardon."

"Kuna nini huko?" mzee aliita. "Leteni hapa."

Paulina alisimama kuziba mlango, lakini mzee aliita tena, sauti ikiishia kwenye kikohozi, na Emery asingeweza kumwacha anakohoa hivyo. Akalisukuma mpaka kando ya kitanda. Mzwandile alilitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akapitisha kiganja kwenye mfuniko. Kisha akacheka mpaka pumzi ikamwishia.

"Paulina, nyinyi mnasema jeneza. Wao wanasema sanduku. Eish! Mimi mgeni wa lugha zenu najua, nyinyi hamjui!"

Alisubiri mkewe acheke. Paulina alikuwa ameshika ukingo wa kitanda.

"Ni kosa la neno tu, mke wangu. Mbona hucheki?"

Paulina aligeuzia uso ukutani.

"Ndiyo hivyo, eh?" mzee alisema polepole. "Keti. Umechoka. Na mimi nimechoka. Tangu siku ile ya hospitali nachoka kujifanya sijui."

Paulina aliketi, halafu akalala kando yake na viatu vyake miguuni, akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu korido ile. Emery aliinama kulichukua sanduku alitoe nje.

"Liache," mzee alimwambia. "Umelifanyia kazi nzuri. Mama alitaka pa kuweka mablanketi, basi aweke."

Likakaa pale chini ya ukuta, limejaa mablanketi, na mzee akawa anaegemeza mkono juu yake akimtania kila anayeingia. Mwezi wa Agosti, Emery na Paulina waliyatoa mablanketi, moja moja, wakayakunja.