Pembe ya Saa Sita Mchana

Nilikuwa na miaka kumi na minne baba alipopata barua ya uhamisho kwenda Tabora. Alikuwa karani wa reli pale Same, enzi za Waingereza, na kabla hatujaondoka alitaka sisi binti zake tuuone msitu wa Shengena, alikochungia mbuzi utotoni. Mama alimwomba asubiri masika yaishe. Barua haikusubiri masika. Baba akaazima pikapu kuukuu ya fundi mmoja, tukaondoka Jumamosi asubuhi: yeye, mama na mdogo wangu wa miaka mitatu mbele, mimi nyuma chini ya turubai pamoja na chumvi na samaki wakavu wa kumpelekea shangazi aliyeishi huko mlimani.

Mvua ilitupokea tulipopita kijiji cha Mwembe. Barabara ilikuwa utelezi mtupu. Kila kona tairi la nyuma lilikimbilia korongo, nami nilikamata vyuma vya bodi mpaka vidole vikafa ganzi.

Saa sita mchana mvua ilipungua, tukasikia pembe. Kwetu Upareni pembe huita watu kwenye msaragambo, kazi ya kijiji: kuchimba mfereji, kutengeneza njia, kuzibua ndiva, yaani bwawa la udongo linalotunza maji ya mashamba. Baba hakuwa ameshika jembe la msaragambo kwa miaka kumi. Akakanyaga mafuta.

"Wakituona watatushusha," alisema. "Nisimangwe mbele ya watoto wangu mpaka jioni?"

Dirisha la nyuma halikuwa na kioo. Nilisikia kila neno.

"Baba watoto," mama alisema, "msaragambo hutangazwa jioni, watu wakaenda kesho yake asubuhi. Nani anaita watu kazini saa hizi?"

"Siku hizi wamebadilisha."

"Umekaa tambarare mpaka umesahau. Sikiliza, haipumziki hiyo."

Kweli haikupumzika. Tulifika kwenye kijito kinachokata barabara. Juu yake, nyuma ya migomba, ndipo ilipokuwa ndiva. Mama akafungua mlango, akashuka na mdogo wangu mgongoni.

"Simvushi mtoto hapa mpaka nijue kuna nini. Na wewe huko nyuma, shuka!"

Baba aligeuka akanitazama. Nilimwona alivyokuwa peke yake mle ndani, na kofia yake ya kazi, nikabaki nilipo.

Katikati ya kijito injini ilizima. Baba alijaribu mara mbili, mara tatu. Maji yalikuwa hayafiki hata nusu ya tairi, lakini yalikuwa yamegeuka mekundu, na vipande vya nyasi vilipita vikiwa na udongo kwenye mizizi. Mwanamume mwenye jembe akatokea juu ya ukingo.

"Wee mwenye gari! Huna masikio? Ndiva inakatika!"

Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka mkono wa baba kwenye kola ya gauni langu, mawe yanayoteleza, na mama akiliita jina langu kutoka ukingoni. Tulikuwa tumeshika mizizi ya mgomba pale maji yalipokuja. Hayakuja kwa kelele kama nilivyodhani. Yalikuja yakisukuma udongo mbele yake, yakaigeuza pikapu ubavu taratibu, kisha yakaibeba.

Ukuta wa ndiva ulikuwa umekatika upande mmoja tu. Upande wa pili ukikatika, mashamba ya chini yangekwisha. Baba alipanda huko bila kuambiwa, akaomba jembe.

"Ahaa, karani!" mwanamume yule alisema. "Miaka yote tunakuita, leo umekuja na gari kabisa!"

Watu walicheka huku wakichimba. Baba alichimba na viatu vyake vya ofisini mpaka jua likazama, na ule ukuta ukasimama. Mimi na mama tulibeba udongo kwa karai pamoja na wanawake. Juu yetu msitu ulionekana kidogo, mweusi, kisha ukungu ukaufunika.

Tulilala kijijini, na kwa kuwa uhamisho haukusubiri, tukashuka kwa miguu kesho yake. Nimezunguka nchi nyingi tangu hapo, sikai mahali miaka miwili, na msitu ule bado sijauingia. Lakini nakumbuka njiani baba alisubiri mama atangulie, akaniambia:

"Ulipaswa kumsikiliza mama yako."

"Ndiyo, baba."

Tukatembea kidogo.

"Hata mimi," akasema.