Nyama Zote Nimeziondoa

Jamani, nichekeni tu, maana mimi mwenyewe nikiikumbuka pilau ile hujifunika shuka usoni hata kama niko peke yangu chumbani, na waliokuwapo siku ile wakinikuta sokoni bado huniuliza, "Karani, leo umetia nini?"

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani katika kampuni kubwa ya katani hapa Tanga (jina nalistiri), yenye Wagiriki, Waingereza, Wahindi, Waarabu na sisi Waafrika wa kila kabila, na saa ya chakula kila watu walikwenda upande wao, kwa sababu chumba cha kulia kilikatwa kwa kuta mbili za mbao: Wazungu na vitambaa vyao vya meza, Wahindi na Waarabu na viti vyao, sisi nyuma kabisa, tumekalia magunia. Mbao zile zilinichoma roho kuliko hata mshahara mdogo. Basi akaja meneja mpya, Mholanzi, akatuita akauliza nini kinatukera, na mimi kwa kiherehere changu nikasimama nikasema mbao zitoke. Msaidizi wake, Mwingereza wa siku nyingi, akasema vyakula vya watu hawa havipatani, watagombana tu.

"Nipe Jumamosi moja, Bwana," nikajibu. "Nitawapikia wote chungu kimoja, na wote watakula."

Meneja akanitazama. "Wakila, mbao zinatoka. Wasipokula, usiniletee tena maneno haya."

Nyumbani Nguvumali, mke wangu Mwanaidi alikuwa akipepeta mchele. "Na Bwana Maganlal je? Yule hali nyama. Umemwuliza atakula nini?" Maganlal alikuwa mkuu wa hesabu, Mhindu mzaliwa wa hapa hapa Tanga, mtu mpole, tena ndiye wa kwanza katika Wahindi kukubali mwaliko wangu.

"Mgeni haulizwi, mke wangu, hukaribishwa. Nyama tutaziondoa."

(Kwetu Mwera, kumwuliza mgeni unakula hiki au huli ni kama kumwambia bora usije. Ndivyo nilivyolelewa, na mimi ni mbishi.)

Pilau ilipoiva nikakaa na upawa nikaopoa vipande vyote vya mbuzi, hakikubaki hata kifupa, nikavipanga kwenye sinia yake kwa wanaokula nyama, roho yangu nyeupe kabisa, kwa sababu kwangu mimi nyama ni ile unayoiona.

Jumamosi tukaunganisha meza upande mmoja wa zile mbao, tukatandika kitambaa kimoja kirefu, watu wakaketi wamechanganyika, na wallahi walikula! Maganlal akala, akaongeza, na laiti ningenyamaza hapo.

"Karani, pilau tamu sana," akasema. "Nyama hamna, utamu huu umetoka wapi?"

Nami kwa majivuno, Meneja akisikia: "Supu ya mbuzi, Bwana Maganlal! Tumemchemsha tangu alfajiri!"

Maganlal akaziba mdomo kwa mkono, akainuka, akakimbilia nje. Nikadhani amepaliwa, nikaokota kikombe cha maji nimkimbilie, mguu ukanasa kwenye kitambaa (kile kile kirefu, nilichokisifia asubuhi nzima), kitambaa kikaja na vyote vilivyokuwa juu yake, na sinia ya nyama ikatua kwenye kaptula nyeupe ya yule Mwingereza. Akatazama mapajani, akamtazama Meneja.

"Nilisema," akasema.

Nami nilikuwa chini sakafuni na wali masikioni. Niliona aibu mpaka nikalia, si kwa kuanguka, bali kwa kuziona zile mbao zimesimama pale pale.

Jumatatu nilimfuata Maganlal kabla hajaketi. Nikamwomba radhi, nikamweleza kwamba kwetu kumwuliza mgeni ni ufidhuli.

"Kwetu ufidhuli ni kutouliza," akasema. "Nimetapika mpaka machozi, Karani. Lakini kilichoniuma zaidi, miaka yote hii tunafanya kazi chumba kimoja, na hujapata kuniuliza ninakula nini."

Nikamwuliza pale pale. Kisha nikawauliza Wagiriki, Waarabu na wenzangu wa kwenye magunia, na hata yule Mwingereza nikamwuliza (alinijibu kwa shida). Nikarudi kwa Meneja, akanifukuza. Nikarudi tena, akanifukuza tena. Safari iliyofuata Maganlal aliingia pamoja nami. "Mimi ndiye niliyetapika," akamwambia, "na mimi ndiye ninayeomba arudie."

Meneja akatupa Jumamosi nyingine moja.

Jumamosi ile nilipika muhogo wa nazi, kwenye sufuria ya nyumbani kwa Maganlal. Akashika kijiko, watu wote wakaacha kutafuna.

"Karani, leo umetia nini?"

"Muhogo, nazi, bizari, chumvi, ndimu. Basi."

Akala. Mwingereza naye akasogeza sahani, ingawa kitambaa alikishikilia kwa mkono wa pili.

Mbao zilipotoka nilikuwa wa kwanza kubeba. Basi msiniambie nimekoma kuwakusanya watu mezani, hilo sikomi. Nilichokoma ni kumpikia mtu ambaye sijamwuliza.