Ushahidi wa Mzee Gasper

Ukiingia katika vyumba viwili vya Chama cha Kumbukumbu za Mji, pale Ujiji nyuma ya duka la vitenge, utakutana kwanza na Verediana Ndayiragije. Ni mama wa miaka sitini na tatu, mfupi, mkavu, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Hatakuuliza unataka nini. Atakuuliza kama umenawa mikono, na ukisema umenawa atakuonyesha ndoo ya maji mlangoni unawe tena.

Watu humsifu. Alikuwa mpiga chapa serikalini miaka ishirini na saba, na alipostaafu hakufuga kuku kama wenzake. Alikuja kujitolea kuokoa makaratasi ya watu waliokwisha kufa. Huyakausha madaftari yaliyolowa unyevu wa ziwa, huwafuta mchwa kwa brashi, hupanga majani makavu ya mwarobaini kati ya kurasa. Wanaomsifu wanadhani aliletwa na mapenzi ya historia. Sivyo. Verediana alikuja kutafuta barua moja.

Baba yake, Feliksi, alikuwa fundi wa mitumbwi, Muha mzaliwa wa Mwamgongo, kijiji cha upande wetu wa mpaka. Alihamia Gungu akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwenye kiwanja cha kona. Mwaka Verediana alipotimiza miaka kumi na tisa, ulipita msako wa watu waliodaiwa kuingia nchini bila kibali. Asubuhi moja askari walifika na karatasi yenye jina la Feliksi Ndayiragije, na jina lenyewe ndilo lililomponza, maana ng'ambo ya mpaka nako wako wengi wanaoitwa hivyo. Alipandishwa lori na nguo zake za kazi, unga wa mbao ungali kichwani. Miaka miwili baadaye mfanyabiashara wa mawese alileta habari kwamba amefia Burundi, katika kijiji ambacho hakuna aliyemjua. Wakati huo kiwanja cha kona kilikuwa kimekwisha kupata mwenyewe mpya: Gasper, mjumbe wa nyumba kumi wa mtaa ule.

Ni nani aliyelipeleka jina? Mama yake Verediana alikufa akiuliza swali hilo. Verediana alipata jibu katika mwaka wake wa tatu wa kujitolea, ndani ya sanduku la makaratasi yaliyotupwa na ofisi moja ya zamani. Mwandiko ulikuwa wa kupendeza, na chini palikuwa na sahihi ya Gasper. "Huyu si mwenzetu. Ni Mrundi, nami namfahamu tangu alipovuka." Verediana hakulia. Aliipa barua namba, akairudisha sandukuni, akaanza kungoja. Alingoja miaka minne.

Mwaka jana, mwezi wa tatu, Gasper alikuja mwenyewe.

"Hodi hapa!"

"Karibuni. Mmenawa?"

Alikuwa na miaka sabini na tisa sasa, mzee wa kanisa, suti ya kaki imepigwa pasi. Pamoja naye alikuwepo mjukuu wake, Honorata, binti aliyepata nafasi ya kusomea uuguzi. Gasper hakumtambua Verediana; alipomwona mara ya mwisho alikuwa msichana amesimama kando ya lori.

"Mwanangu, nimefedheheka," alisema Gasper akijitupa kwenye kiti. "Huyu mtoto amenyimwa kitambulisho cha taifa. Eti babu yangu kuitwa Harerimana ni dalili kwamba sisi ni wa kule. Mimi! Mimi niliyekuwa mjumbe wa nyumba kumi!"

"Ajabu hiyo," alisema Verediana.

"Nimeambiwa mnalo daftari la kaya la enzi za mwami, mtawala wetu wa jadi. Babu yangu lazima yumo. Chuo kinafunga usajili mwisho wa mwezi ujao."

Verediana alijua kwamba yumo. Faharasa ya daftari lile aliiandika kwa mkono wake: ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa sita, Harerimana, mke mmoja, watoto watatu.

"Daftari hilo halionekani," alisema. "Rudi Jumatatu."

Jumatatu alirudi. Akaambiwa Alhamisi. Alhamisi akaambiwa Jumatatu nyingine. Na tuseme ukweli: Verediana alifurahia. Alisimama dirishani kumtazama akishuka kwenye bodaboda kutoka Gungu, ameshika kiuno, suti imejaa vumbi, na moyo wake ukatulia kama ambavyo haujawahi kutulia tangu ujana.

Mara ya nne mwenyekiti wa chama alikuwepo: Mzee Eliakimu wa Katubuka, mwalimu mstaafu. Alisubiri wageni waondoke.

"Verediana, daftari la kaya liko kabati la pili. Nimeliona jana."

"Najua liko wapi."

"Basi kwa nini unamzungusha mzee wa watu?"

Verediana alifungua sanduku, akamwekea barua mbele. Mzee Eliakimu aliisoma mara mbili, akavua kofia.

"Una haki ya kumchukia," alisema hatimaye. "Haki ya kuficha daftari huna. Yeye aliandika uongo, baba yako akakosa nchi. Wewe unanyamazia ukweli, binti yule akose nchi. Nionyeshe tofauti."

Verediana aliitafuta tofauti hiyo, naye si mtu wa kushindwa maneno. Hakuipata.

"Atapewa," alisema. "Lakini kwa kanuni zetu zote, Mzee. Hata moja isirukwe."

Mzee Eliakimu alielewa. Chama kina kanuni: anayechukua nakala huacha ushahidi wa jambo alilolishuhudia mjini, ukaandikwa mbele ya mashahidi wawili na kusomwa katika mkutano wa Jumamosi. Swali huulizwa na mtunza kumbukumbu. Wengi huulizwa habari za harusi, za meli, za shule ya kwanza kuezekwa bati.

Gasper alipokuja tena, daftari lilikuwa mezani limefunguliwa. Aliliona jina la babu yake, machozi yakamlengalenga.

"Mungu akubariki, mwanangu."

"Bado. Kuna ushahidi. Mikono yako inatetemeka, kwa hiyo Honorata ataandika." Akampa binti kalamu. "Swali ni hili. Feliksi Ndayiragije, fundi wa mitumbwi wa Gungu, alipandishwa lori kwa neno la nani?"

Gasper alimtazama sana. Kisha akatazama jina kwenye kibao cha mezani, ambalo kwa wiki tatu hakujali kulisoma.

"Mambo ya zamani hayo," alisema kwa sauti ndogo. "Nilisikia watu wakisema..."

"Usiandike hivyo, Honorata," alisema Verediana, akaiweka barua juu ya daftari. "Babu yako hakusikia. Aliandika."

Mzee Eliakimu na katibu wa chama, Thobias, walikuwa wamekaa ukutani kama mashahidi. Hakuna aliyemsaidia.

"Babu?" aliuliza Honorata.

"Nikikataa?" Gasper alimwuliza Verediana.

"Daftari litarudi kabatini, na kanuni ni hii hii kwa kila mtu."

Alisema. Ilichukua saa nzima. Kila alipofika mahali pa kupinda, Verediana aligonga meza kwa kidole, naye akarudi nyuma kuanza upya. Kwamba alijua Feliksi amezaliwa Mwamgongo. Kwamba hakuwa na ugomvi naye. Kwamba alikitaka kiwanja cha kona. Honorata aliandika, akisimama kila mstari kumtazama babu yake, na Verediana alimwona, na hakusitisha. Neno la mwisho lilipoandikwa, Gasper aliweka dole gumba, akapewa nakala yake yenye mhuri.

"Nisamehe, binti wa Feliksi."

"Hilo halimo katika kanuni," alisema Verediana.

Jumamosi ushahidi ulisomwa mbele ya watu thelathini. Jumapili ulikwisha kufika Gungu. Kanisani Gasper aliombwa akae kando na baraza la wazee. Kwenye benchi la kahawa, alikokuwa akisimulia habari za ujumbe wake, wanaume walimaliza vikombe vyao haraka, mmoja mmoja wakakumbuka wana shughuli. Thobias alipoleta habari hizo alitikisa kichwa.

"Umemmaliza, mama."

"Sikumwongezea hata neno. Yote ni yake."

Honorata alipata kitambulisho. Siku mbili kabla ya kwenda chuoni alikuja peke yake, akasimama mlangoni bila kunawa.

"Ushahidi ule ungeweza kuuandika wewe," alisema. "Kwa nini ulinipa mimi?"

"Kwa sababu mimi naujua ukweli huo tangu zamani, na babu yako naye anaujua. Sote wawili tutakufa karibuni. Nilimtaka mtu atakayeishi nao miaka mingi."

"Mimi nilikukosea nini?"

Verediana alivua miwani. Alikuwa amelitarajia swali hilo na alikuwa ameliandalia majibu matatu.

"Hujanikosea kitu," alisema. "Mimi pia, siku ile ya lori, sikuwa nimemkosea mtu."

Binti aliondoka bila kuaga. Verediana hakumwita.