Yangeyange wa Kisiwa cha Bahi

Seleman alimkuta Chiwanga amekaa katikati ya ng'ombe wake, ukingoni mwa maji ya Bahi, macho hayabanduki kwenye kisiwa kidogo kule mbele. Miti yake ilikuwa myeupe kwa yangeyange waliolalia mayai.

"Wakiwahi kutaga, tunawahi kupanda mtama," Chiwanga alisema bila kugeuka. "Wewe wa Kondoa unatafuta nini?"

"Manyoya yao marefu ya mgongoni. Mjerumani wa boma anataka kapu zima kabla ya Ijumaa. Akilipata, ananiruhusu kufungua duka relini."

"Mdogo wangu Filipo anabebeshwa mataruma huko huko relini. Viboko havimkauki mgongoni. Kapu litoke kwangu, yeye atoke kwao. Na hiyo bunduki yako ibaki huku ng'ambo."

Mjinga angeomba kipande cha kitambaa cha kaniki. Huyu alijua bei yake. Seleman akampa mkono.

Alfajiri aliambiwa avue kanzu, akapakwa mavi ya ng'ombe mwili mzima.

"Inama, tembea katikati ya ng'ombe. Ndege hawaogopi ng'ombe, wanaogopa mtu anayetembea kama mtu."

"Na mke wangu nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo harufu ya faida."

Wakavuka pamoja na ng'ombe, maji kiunoni, wakawa wanaokota manyoya yaliyodondoka chini ya viota, unyoya mmoja mmoja, pumzi wameibana. Jua likapanda. Kapu lilikuwa limefika nusu tu, ng'ombe walipoanza kurudi majini.

"Twende," Chiwanga alinong'ona. "Ng'ombe wakituacha, tumeonekana."

Lakini nusu kapu si kapu. Juu ya tawi palikuwa na kiota kilichojaa manyoya. Seleman akanyanyuka, akanyoosha mkono. Ndege mmoja akainua shingo. Wa pili naye. Chiwanga alimvuta kiunoni, akawa amechelewa: kundi zima likaruka kwa pamoja, na mwewe wakashukia mayai.

Chiwanga hakufoka. "Haya, jaza. Hakuna tena wa kumtisha."

Ijumaa kapu lilifika boma; Filipo akaachiwa, akatoka relini akichechemea, na Seleman akapata ruhusa yake. Mwaka uliofuata kisiwa kilibaki kitupu. Chiwanga akapanda kwa kubahatisha, mtama ukaungua na jua. Seleman alipompelekea gunia la nafaka alilipokea, maana watoto walikuwa na njaa.

"Ndege wamehamia wapi, ndugu yangu?" Seleman aliuliza.

"Asante kwa nafaka," Chiwanga alijibu, akaingia ndani.