Sarafu Iliyorudisha Mibuni ya Gaudiosa

Dada yangu Gaudiosa alifiwa na mumewe, Pankras, akabaki na watoto watatu. Arobaini haijafika, shemeji yake Damiano akachukua shamba la kahawa pale Mbuji, mibuni mia mbili ambayo dada na marehemu waliipanda kwa mikono yao.

"Shamba ni la ukoo," alisema. "Wewe ulikuja na kanga tu."

Dada akajifunga kanga yake, akaondoka. Nilijua hajasamehe, maana hata kugombana aliacha.

Alibakiwa na sarafu moja ya Ulaya. Padri mgeni alimpa Pankras iwe kumbukumbu, baada ya Pankras kumjengea tangi la maji. Ilikuwa ya euro mbili, njano katikati, nyeupe pembeni, imechorwa jumba la mfalme lenye madirisha mengi. Dada aliipeleka benki Songea. Karani akamrudishia. "Mama, fedha za kigeni tunapokea noti. Sarafu hapana, hata zijae debe."

Akaifunga kwenye kitambaa, akarudi nayo kijijini.

Damiano alisikia habari za lile jumba, akaja mbio. "Dhahabu hiyo ni ya kaka yangu!"

"Ni euro mbili, shemeji. Imeandikwa."

"Unaniona mjinga? Mfalme gani anachora nyumba yake kwenye bati?"

Dada akalia, akaifumbata kifuani. Damiano alirudi mara mbili zaidi. Mara ya mwisho dada akasema, "Basi nirudishie mibuni yangu, tuandikishane kwa mtendaji wa kijiji."

Mbele ya mashahidi wanne dada alirudia kwamba ni euro mbili. Damiano akacheka, akasaini haraka dada asije akabadili mawazo, akaondoka na sarafu.

Benki ya Songea ilimkatalia naye. Akauza mbuzi wake wote apate nauli, akazunguka Dar es Salaam wiki nzima akitafuta mnunuzi. Alirudi mikono mitupu.

Msimu wa kuchuma ulipofika, akaja kuomba kibarua. Nilimsihi dada amfukuze. Niliwaogopea watoto, maana mtu aliyeaibika haaminiki. Hakunisikia. Alimpa kikapu, akampanga katikati ya wanawake, akasimama nyuma yake kutwa nzima.

"Shemeji, hii mbichi. Itoe."

Akaitoa.

"Na ile ya juu umeiacha. Au macho yanakusumbua?"

Wanawake wakaangua kicheko. Damiano akavuta tawi, jasho likimtiririka. Jioni dada alimlipa sawa na wengine, akamtazama usoni.

"Kesho uwahi."