Inchi Tatu na Nusu

Luhaga alikuwa na siri moja, nayo ilikuwa sikio lake la kushoto. La kulia nalo lilikuwa njiani kulifuata. Miaka thelathini na minne ya kugonga vyuma nyuma ya malori, pale Bariadi kwenye barabara ya Lamadi, ilikuwa imemnyang'anya sauti za dunia moja moja: kwanza ndege, kisha mvua juu ya bati, kisha mkewe Apolonia anapoongea huku amempa mgongo. Hakumwambia mtu. Nani atampelekea fundi kiziwi ekzosi, bomba la moshi linalopimwa kwa sikio?

Wateja wakiadimika alikaa juu ya tairi kuukuu, akafumba macho. Hapo ndipo zilipomjia kengele za ng'ombe wa babu yake kule Itilima, zikirudi polepole kutoka malishoni, kila moja na ng'ombe wake. Hizo hazikuwahi kufifia. Alizisikiliza mpaka jua lihame juu ya magoti yake, na watu waliopita walisema mzee amepitiwa na usingizi.

Siku moja ya Juni, msimu wa pamba ukiwa umeshafunguliwa, kikombe cha chai kilianza kutetemeka mkononi mwake. Luhaga akafumbua macho. Mbele yake lilikuwa limesimama lori la bluu la marehemu Athanasi wa Nkoma, na aliyeshuka ni mwanawe, Mayige.

"Mzee, nimeharibu," Mayige alisema akiinama kulionyesha bomba.

"Nitazame unapoongea nami, kijana. Ndiyo adabu."

Mayige akageuka haraka, akaeleza. Bomba la zamani lilikuwa limeoza. Fundi mmoja wa mbali akamshawishi aweke la inchi tano, lori lingurume kama la mjini. Likanguruma kweli. Tangu hapo likibeba pamba linapanda mlima kama mgonjwa. Lakini hilo lilikuwa dogo. Mama yake, Monika, haoni mwaka wa saba huu, na siku zote aliitambua sauti ya lori la mumewe tangu likiwa darajani, akatoka kwenda kuvuta gogo linalofunga mlango wa uzio. Sasa anasema lori hilo silo.

"Nimemshikisha mpaka bodi. Anasema bati ni bati. Anasema nimeuza lori la baba, namdanganya kwa sababu ni kipofu. Wiki ya tatu hii hali chakula nilicholeta mimi."

Macho yake yalikuwa mekundu, na halikuwa vumbi. Luhaga akamwonea huruma, kisha akajiogopea mwenyewe. Bomba la kwanza alilifunga yeye, enzi za Athanasi, kwa kusikiliza tu, bila kuandika kipimo popote. Na lile bovu lilikuwa limeshakwenda na wanunuzi wa vyuma chakavu.

"Babu yangu alimvua mtamba kengele ya fahali," alimwambia. "Ilikuwa kubwa mno kwake, akawa anabaki nyuma ya kundi. Injini yako ni ya kizamani, haina tabo ya kuisukumia hewa. Ukiipa njia pana kupita kiasi, moshi unazurura humo ndani, nguvu inapotea. Ukiibana sana, inakabwa koo. Ina kipimo chake."

Akaanza na inchi tatu. Mayige akakanyaga mafuta. Ukatoka moshi mweusi, na bomba likachemka upesi hata kiganja hakikuweza kukaa karibu. Akaweka nne. Hiyo ilipumua vizuri, lakini mtetemo wake ulikuwa legelege. Akachomelea kipande cha tatu na nusu. Mayige alipokuwa usukani, hamwoni, Luhaga aliegemeza ncha ya spana kwenye bomba, akaung'ata mpini.

Sauti ikampanda kwa mfupa wa taya. Nzito, ya taratibu, na mwishoni ina mkwaruzo mdogo, kama mzee anayesafisha koo kabla ya kubisha hodi. Karakana ikamtoka machoni. Akamwona Athanasi na kofia yake ya pama, marobota ya pamba meupe mpaka mawinguni, na nyuma yake ng'ombe wa babu wakitembea hewani bila haraka, kila mmoja na kengele yake. Alikaa huko muda mrefu. Hakutaka kurudi.

"Ndiyo hiyo?" Mayige alimgusa bega.

"Nadhani," alijibu Luhaga akiifuta spana. Spana inaweza kumdanganya mtu.

Alasiri wakaenda Nkoma. Luhaga aliomba ashushwe mbali, kabla ya daraja, atangulie kwa miguu hadi kwa Monika, kisha lori lije nyuma yake. Akamkuta Monika ndani ya uzio wa minyaa, ameinamia ungo, anabambua karanga. Luhaga akasimama, akangoja. Ilipita kitambo bibi akainua uso, na midomo yake ikatoa salamu ya alasiri ya Kisukuma, "Mwadila."

"Mwadila, mayu," akaitika kwa kumwita mama, akakaa kwenye kigoda, moyoni akimwona bibi huyu ana maringo kwa kukawia kumsalimu mgeni.

Bibi akarudi kwenye ungo wake. Kwa Luhaga ulimwengu wote ulikuwa pamba tupu, laini, bila sauti. Akautazama mkono wa Monika: ganda, karanga, ganda, karanga. Ghafla mkono ukasimama. Bibi akageuza shingo upande wa daraja. Ungo ukamteleza, karanga zikamwagika, naye akasimama na kwenda moja kwa moja mlangoni, akalivuta gogo kwa mikono miwili. Ndipo Luhaga alipoona vumbi likiinuka nyuma ya mashamba.

Mayige aliruka chini hata kabla lori halijatulia. Mama yake akamshika uso, akalia, akasema, "Nisamehe, mwanangu. Nilikuita mwongo."

"Mzee, umelisikia lakini!" Mayige alimgeukia Luhaga akicheka na kulia.

Luhaga akaona haya kudanganya mbele ya watu wale. "Sikusikia kitu, mwanangu. Nilikuwa namtazama mama yako tu. Masikio yangu yamekwisha."

Monika akaja akipapasa, akampata Luhaga begani, akaelekeza uso wake sawasawa na wa fundi na kutamka pole pole, neno kwa neno.

"Najua, baba. Nilikusalimu mara tatu."