Mashine Iliyobisha Hodi na Kuondoka

Zamani nikiwa kijana nilimfuata mjomba kule Makongolosi, alikokuwa anachimba dhahabu. Nikafika kwake, nikabisha hodi mara moja, kimya, nikaondoka. Nililala stendi na mbwa mwenye upele. Asubuhi nikarudi, mjomba akanicheka; kumbe nilipobisha alikuwa anatafuta suruali. "Mjinga wewe, hodi ni tatu." Alikuwa na meno mazuri yule mjomba, lakini tuyaache. Hodi nimeitaja kwa sababu ya mashine.

Chama chetu cha wakulima hapa Iringa kilileta utaratibu: hupewi mbolea mpaka mashine ithibitishe kidole chako. Mahindi yangu yalikuwa yamefika magotini, yameanza unjano. Yakikosa mbolea ya kukuzia wiki ile, basi tena. Na mifuko naiona, imepangwa nyuma ya karani.

Kioo cha mashine kilikuwa kinateleza kwa jasho la vidole vya watu. Karani akatemea mate kitambaa, akafuta. "Weka dole gumba, mzee." Nikaweka. Kiduara kikazunguka weee, kisha mashine ikaandika: Muda umeisha. "Rudia." Muda umeisha. Mama mmoja nyuma yangu akasema, "Baba, labda hicho kidole umekiazima." Watu wakacheka, hata mimi.

Akaitwa fundi. Akaja anakula chipsi, mafuta mpaka kidevuni. Akazima, akawasha. Akabadilisha laini. Akaitoa mashine nje, akainyanyua juu kama anaombea mvua. Mwishowe akachungulia kompyuta yake, akasema mtandao hauna kosa. Mashine inatuma kidole makao makuu, inauliza, ni yeye? Jibu linarudi, ila linachelewa, na mashine imeshakata tamaa.

"Yaani inabisha hodi, inaondoka mwenyeji hajavaa?"

"Hivyo hivyo, mzee. Na mkirudia rudia, foleni huko inazidi."

"Basi iambie isubiri."

"Muda wa kusubiri wanaongeza wao, huko makao makuu."

"Wapigie."

"Nimepiga. Hawapokei."

Huku anasema hivyo, anajaribu kioo kwa dole lake la chipsi. Karani akatema tena kwenye kitambaa kile kile, akafuta. "Haya mzee, hebu jaribu tena."

Nikaangalia mifuko. Nikaangalia kioo, mate na mafuta yanang'aa. Nikavaa kofia, nikatoka. Mahindi msimu ule yalizaa vigunzi. Pale sijakanyaga tena.